Triko Niliyoifumua

Jumatano, tarehe 9 mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati, na baridi ya kiangazi ilikuwa ya kumfanya mtu asiachane na mbabula yake, jiko la makaa. Jua halikutoka kabla ya saa nne.

Mimi si mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la sita, na daftari hili nilianza kulitumia kuandika vipimo vya watoto ninaowafumia: kichwa, kifua, mguu. Leo vipimo vitangoja. Nataka kuandika mambo ya leo kama yalivyotokea, pamoja na sehemu yangu, maana nikingoja mpaka kesho najua nitaanza kujipendelea.

Kazi yangu ni kufuma. Kofia za watoto wachanga, soksi, vitambaa vya meza vya kroshe, na triko, yaani masweta, za wenye pikipiki wanaopanda njia ya Kabambare alfajiri. Uzi mpya hapa Kasongo haupatikani kila mara, na ukipatikana ni wa rangi mbili tatu tu. Kwa hiyo tunanunua triko za mitumba, tunazifumua, tunauzungusha uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, tunaufua, kisha tunautundika na jiwe ili mikunjo inyooke. Si kila triko inafaa. Ile ya mashine ukiivuta inakatika vipandevipande. Lazima uigeuze ndani nje, uangalie mishono. Ikiwa imeshonwa kwa mkono, uzi wake unakwenda mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni.

Jana sokoni niliona moja ya namna hiyo chini ya rundo, buluu iliyokolea. Ilinuka moshi na esanse, mafuta ya pikipiki. Niliigeuza, nikaona mishono ya mkono, nikafurahi. Nina nguo za mtoto za kumaliza kabla ya Ijumaa, mama yake anatoka arobaini. Nilifikiri, haya, mtoto amepata uzi. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Asubuhi hii niliketi mlangoni. Nilifungua mishono ya ubavuni na ya mabegani, nikatenga mgongo, mikono miwili, na upande wa mbele. Nikaanza na ule wa mbele, kutoka shingoni. Uzi ulikataa kidogo. Haukukatika, lakini kila jicho, yaani kila kitanzi cha uzi, lilishika kabla ya kuachia, kama mtu unayemvuta mkono naye hataki kuamka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nieleze kwa nini.

Sisi tuliojifunza kufuma kwenye foye ya masista, nyumba ya kufundishia wanawake kazi za mikono, Waislamu na Wakristo benchi moja, tulifundishwa na mama mmoja aliyetumia mkono wa kushoto. Yeye alifuma kwa kushoto, sisi tukamfuata kwa kuume, na kwa kumfuata vibaya tukazoea kuzungusha uzi kinyume. Kila jicho letu linatoka limejisokota. Miaka ya baadaye alipita sista mwingine, akatazama kazi zetu, akasema hili ni kosa, akatuonyesha njia ya sawasawa. Tulimwitikia kwa adabu, tukarudi nyumbani tukaendelea kukosea, mikono ilikuwa imekwisha kuzoea. Wateja hawakulalamika, triko zetu zinabana, hazilegei upesi. Lakini katika balo, marobota ya mitumba, miaka yote hii, mimi sijaona macho ya namna hiyo hata mara moja. Triko yenye macho yaliyosokotwa imetoka katika mikono ya mmoja wetu, na sisi hatufiki ishirini.

Sitasema sikujua. Nilijua nusu. Nilijiambia kwamba mtu ameuza triko yake, ni haki yake, naye si wa kwanza. Nilikuwa na haja ya uzi. Nikavuta kifua chote. Nilipofika usawa wa kwapa, buluu ikaisha, ukaja uzi wa kahawia, upana wa vidole vitatu, kisha buluu tena.

Uzi ule wa kahawia niliutoa mimi. Ulikuwa umebaki kwenye kofia ya binti yangu, nikampa jirani yangu siku uzi wake ulipomwishia katikati ya kazi. Alisema, "Ku kwapa hakuna mutu anaangalia." Alikuwa anamfumia mume wake triko ya kwenda nayo Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu.

Mume yule aliondoka kiangazi cha mwaka juzi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Kisha simu ikanyamaza, ikaja habari kwamba shimo limebomoka upande ule, watu wamebaki ndani, majina hayajulikani. Tangu siku ile hatukusikia kitu. Na leo, Jumatano hii hii, baada ya sala ya alasiri, ukoo wake ulikuwa ukutane kwa kaka yake mkubwa kuamua mambo: asomewe hitima Ijumaa, mke aingie eda, na eda ikiisha arudi kwao, vijiji vya Kabambare. Nyumba anayokaa iko kwenye kiwanja cha ukoo.

Nimtendee haki huyo kaka mkubwa. Si mtu wa tamaa. Amewalisha watoto wa mdogo wake muda huu wote bila kusema neno. Na mama yao amezeeka, yeye ndiye aliyeomba mwanawe asomewe kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Mimi katika umri wake pengine ningeomba vilevile.

Lakini nilikuwa nimeshika triko ya mume yule mapajani, na haina kifua.

Nilikaa mpaka chai ikapoa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, uzi ukishafuliwa ni uzi tu. Nikisema, watu watajibu kwamba nguo ikiuzwa sokoni mwenyewe amekufa, na mimi ndiye nitakuwa nimewapelekea kifo chake. Sijui ni nini kiliniinua. Ningependa kuandika kwamba ni ukweli. Labda ni woga tu, kwamba siku moja jirani yangu angeona uzi wa kahawia katika mikono yangu. Niliweka vyote katika beseni, mabonge ya uzi na vipande vilivyobaki, nikafunika na kitenge, nikavuka ua.

Jirani yangu alikuwa anapepeta mchele. Yeye huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, nguo za kufua na hii baridi? Maji ya leo itakukata vidole."

Nilifunua beseni. Hakugusa kitu. Aliangalia mkono mmoja, akaangalia wa pili, akaangalia mgongo, akaendelea kutafuta.

"Kifua iko wapi?"

"Nimeifumua."

"Umeifumua."

"Niliinunua jana ku soko. Nilipofika ku kwapa, ndiyo nikaona ule uzi..."

"Ku kwapa. Na macho, yaya? Tuliikala benchi moja ku foye, weye na miye. Hukuona macho?"

"Niliona."

"Uliona, ukavuta."

"Nilivuta."

Aliweka ungo chini. Alichukua kipande chenye kahawia, akakibana kati ya vidole viwili, akakinusa.

"Iko na damu?"

"Hapana. Niliangalia."

"Uliangalia mbele ya kuvuta, ao nyuma?"

Jana niliangalia mishono, nilichokuwa natafuta ni uzi. Kifua sikukitazama sawasawa. Kama kilikuwa na tundu, kama kilikuwa na doa, sasa kilikuwa mabonge mawili, na bonge la uzi huwezi kuliuliza kitu. Aliona katika uso wangu kwamba sikuangalia mapema. Hakunitukana. Ningetaka anitukane.

"Alasiri iko karibu?" akauliza.

"Bado. Ni saa sita tu."

"Twende."

Muuza mitumba, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu tangu barabarani, alituona kabla hatujamfikia.

"Eh, mama wa triko amerudi! Ulikuta panya ndani? Miye sirudishake kitu, unanijua."

"Ulitosha wapi hii?" jirani akamuuliza alikoitoa.

"Ku balo, mama, kama zote."

"Hii haikutoka ku balo," nikasema mimi, nikaanza kueleza habari ya macho. Hakuningoja nimalize.

"Weye unajua kufuma, miye najua kuuzisha. Sasa tunagombana juu ya nini? Angalia watu wananisimamia, watasema nauzisha nguo za wachawi."

Watu walikuwa wameanza kusimama kweli, na wawili walicheka. Jirani yangu hakupandisha sauti.

"Iko ya bwana yangu."

Yule mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, nayo haikuwa na uchafu.

"Bwana yako iko wapi?"

"Njo nakuuliza weye."

Baada ya hapo hakufanya mchezo tena. Alisema kuna motari mmoja, mwendesha pikipiki, anayefanya safari za Salamabila, alimletea triko hiyo pamoja na suruali mbili, anapatikana kwenye parking ya njia ya Kabambare, ana kofia ya pikipiki iliyopasuka upande na kufungwa na waya. "Mama, nakuapia, sikumuuliza. Nikiulizaka kila nguo mwenyewe ni nani, nitalala njaa." Sikuweza kumlaumu. Mimi pia sikumuuliza yeye.

Njiani jirani yangu alitembea mbele. Nilibeba beseni. Mara moja nilimwambia, "Dada, labda ali..." akanikata, "Usiseme kitu." Kutoka soko mpaka parking si mbali, lakini leo nilihesabu kila duka.

Motari tulimkuta amechuchumaa anakaza mnyororo. Wenzake walipotuona tumesimama juu yake wakapata la kusema.

"Kaka, wake zako wawili wamekuya pamoja leo! Utakimbilia wapi?"

"Na beseni! Wamekuya kukuosha!"

Alicheka nao, kisha nikafunua kitenge, akaacha kucheka.

"Ile triko sikuibe."

"Hakuna mwenye amesema uliiba," nikamwambia.

Jirani yangu alikuwa amesimama wima kabisa. "Uliivulisha maiti?"

Hata wale waliokuwa wanapakia magunia wakageuka.

"Maiti?" Motari aliinuka. "Mama, maiti haibishanake bei ya pikipiki. Ile mutu aliivua yeye mwenyewe. Alinikuta Salamabila, alitaka nimufikishe Lusangi, hana kitu ku mufuko. Nikamwambia miye sibebake mutu bure. Akasema, basi twaa triko. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua za mwisho."

Niliona mkono wa jirani yangu unashika ukingo wa beseni. Lakini hakufurahi. Yeye alifikiri upesi kuliko mimi.

"Mutu anaweza kuvaa triko ya mutu mwingine. Iliokotwa, iliuzishwa, iliibwa. Huyo mwenye ulimubeba alikuwa namna gani?"

"Mama, wote wenye wanatoka mule mashimo wako na udongo toka kichwa mpaka miguu. Namna iko moja."

"Murefu?"

"Kadiri."

Hapo nilifungua mdomo. Mume wake ana pengo upande wa juu, nilitaka kuuliza kama mtu yule alikuwa na pengo. Nikaufunga. Motari alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu ukimuuliza swali lenye jibu ndani yake, atakurudishia jibu lako mwenyewe ili umwache aende. Nikasimama nikangoja. Motari alijikuna shingo, akaangalia triko, kama mtu anayetaka kumaliza deni la maneno.

"Kitu moja tu naikumbuka. Ilikatala kutoka ku kichwa. Akatosha mikono kwanza, akainama, akaniambia vuta, lakini polepole, masikio yangu. Nikavuta, nikavuta, sisi wawili tunacheka mu mvua. Ikatoka. Akasema: muke yangu anajua kufuma, lakini hajue kupima kichwa."

Jirani yangu aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri.

"Mushenzi," akasema. Kisha: "Njo yeye," ndiye yeye.

Neno lile mumewe alilisema kila alipoivaa triko hiyo, hata mbele ya wageni. Mimi nililisikia kupitia ua zaidi ya mara tano, na kila mara jirani yangu alimjibu kwamba kosa si la shingo ya triko.

Motari alitueleza mengine sasa, bila kuulizwa. Mtu yule alisema dhahabu imemkataa, telefone imeanguka majini, anakwenda kulima mpunga Lusangi na hatarudi kwake mikono mitupu. Tulimwomba aje mbele ya ukoo, aseme maneno hayo hayo. Akakataa. Tulimwomba tena.

"Miye nisimame mbele ya wazee? Watasema nilimuvulisha mutoto wao mu mvua. Watasema nirudishe, nilipe. Nimewaambia nyinyi, inatosha."

Sikuona kwamba ni mwongo. Niliona ni mtu anayeogopa, kama mimi mlangoni kwangu asubuhi. Tuliondoka bila yeye, na tulipofika mtaani kwetu mwadhini alikuwa anaadhini alasiri.

Sala ilipokwisha, kwa kaka mkubwa wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka barazani. Wanawake walikuwa nyuma, sufuria tatu ziko motoni, maana mkutano kama huo watu wanatoka mbali na lazima wale. Mama mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Jirani yangu aliomba ruhusa aseme kabla hawajaanza, kisha akageuka kuniangalia. Ikabidi nianze mimi.

Nilisimama na beseni yangu, nikasema yote. Soko, macho yaliyosokotwa, kwapa, motari. Nilisema pia kwamba niliyaona macho na nikaendelea kuvuta. Nadhani kuna mahali nilirudia mara mbili.

Mjomba mmoja akasema, "Huyu mwanamuke anafumua nguo ya mutu akijua iko ya mutu, halafu tumusikilize?"

"Ni kweli, baba," nikamjibu. "Kwa kifua musinisikilize. Kwa hii yenye imebaki, angalieni nyinyi wenyewe."

Kaka mkubwa alichukua mgongo wa triko, akaugeuza, akaurudisha. "Shemeji, miye naona uzi. Uzi inaweza kunionyesha nini? Na huyo motari iko wapi?"

"Amekatala kuya," jirani akasema.

Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Niliwaelewa. Wanawake wawili, beseni, na shahidi aliyebaki parking. Hata mimi ningetia shaka. Jirani yangu alingoja minong'ono ipungue, kisha akasema habari ya kuvua triko kwenye mvua, mikono kwanza, masikio, mpaka neno la mwisho: anajua kufuma, hajue kupima kichwa.

Sauti ikatoka mlangoni. Tulifikiri mama mzee analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.

"Ile kichwa," akasema. "Ile kichwa ilinitesa siku mbili mbele itoke. Kosa haikuwa ya triko."

Hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kucheka. Mama mzee alijifuta macho na ncha ya mtandio.

"Ni miye niliomba hitima. Sasa nakatala. Mutu mwenye alicheka mwezi wa tano, miye simusomee."

Mjomba alitaka kusema kwamba toka mwezi wa tano mpaka leo ni siku nyingi, na kwa haki yake, ni nyingi kweli. Lakini kaka mkubwa alikuwa amekwisha kuinua mkono. Alisema hitima haitasomwa mpaka mtu afike Lusangi aone kwa macho. Atakwenda yeye mwenyewe kesho alfajiri, na shemeji yake akitaka aende naye, na motari atakayewabeba ni yule yule, atalipwa kama mtu mwingine yeyote, hakuna atakayemdai triko.

Kwa hiyo sijui. Naandika hapa kwamba sijui. Mwezi wa tano alikuwa hai, alikuwa anacheka. Leo hakuna anayejua, ila leo mke wake hajaingia eda.

Tulirudi pamoja, mimi na jirani yangu, mpaka kwenye ua. Alichukua vipande kutoka katika beseni, akaviweka kifuani.

"Mabonge utaniletea kesho, mbele tupande pikipiki," akasema. "Akirudi, asiporudi, ile uzi iko yangu."

"Nitaleta."

Hakusema kama amenisamehe. Sikumuuliza, haikuwa saa yake. Jua lilikuwa bado halijazama nilipoyahesabu mabonge, nikayafunga katika mfuko mmoja, nikauweka karibu na mlango nisiweze kutoka bila kuuona.

Jioni nyumbani kwangu tulikula wali na sombe, majani ya muhogo, ya mawese na samaki wakavu. Vilitoka kwa kaka mkubwa, wanawake wa kule waligawa yaliyobaki katika sufuria tatu kwa majirani baada ya wazee kuondoka. Sombe ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Tuliimaliza yote.